Kware Watatu na Kichwa Kigumu cha Dada Yangu

Watu wakitaka kumsifu dada yangu husema ana jicho. Waache waseme. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, na la kulia linategemea miwani iliyofungwa sikioni kwa waya wa shaba. Alicho nacho ni kichwa kigumu. Amekagua magari ya watu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijamwona akikubali neno la muuzaji kabla ya kulala chini ya gari lenyewe, mgongo juu ya kipande cha boksi, viatu vikichungulia nje. Wauzaji wakiviona viatu vile huanza kukohoa.

Kwenye yadi ya magari tunakofanya kazi hakuna anayetumia jina lake. Wanamwita Tochi, kwa sababu ya ile tochi anayoiuma kwa meno anapohitaji mikono yote miwili. Mimi ni mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, na wananiita Kioo, maana napaka magari rangi, na mlango wa gari ukitoka mikononi mwangu unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Kazi yake ni kufunua, kazi yangu ni kufunika. Kwa miaka mingi tulikula sahani moja bila kugombana juu ya jambo hilo, kwa sababu rahisi kwamba hatukulizungumza.

Alianza hapo hapo yadini, akiosha magari. Anayeosha gari hujua mengi kuliko anayeliuza. Anajua kiti kipi kinanuka maji ya mafuriko na mlango upi haufungiki mpaka ubembelezwe. Alikuwa akiwanong'oneza wanunuzi, bure kabisa, mpaka wakaanza kumlipa ili awaambie kwa sauti. Mafundi walimcheka: mwanamke gani huyu analala kwenye kokoto? Akawajibu kwamba kokoto zenyewe hazijawahi kumuuliza. Akasomea ufundi miaka mitatu huku akiosha magari, akafeli mtihani mara moja, akaurudia, akapata leseni ya ukaguzi. Aliyemcheka kwa sauti kubwa kuliko wote leo anamletea gari la mkwewe alikague.

Ana vituko vyake. Lazima alikute gari limelala. Akifika, akaweka kiganja juu ya boneti na kukuta joto, anageuka anarudi zake, hata kama ametembea nusu ya mji kufika hapo. Injini iliyowashwa kabla yake, anasema, imeshafundishwa cha kujibu. Tena hukaa kiti cha nyuma kwanza, cha mbele baadaye, kwa maana dereva hupumbazwa na usukani na aliyekaa nyuma ndiye anayeupata mtikisiko wote. Na ripoti yake haiweki kwenye bahasha. Anaisoma kwa sauti, mnunuzi akiwa huku na muuzaji kule, na muuzaji ana haki ya kujibu papo hapo. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, na yadi nzima ikaifuata, wengine kwa kuipenda, wengine kwa kukosa namna.

Mwenye yadi tunamwita Mzee Sawasawa, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Breki? Sawasawa. Injini? Sawasawa. Mtu huyo ukimwambia ndevu zake zinaungua atakwambia sawasawa na kukuonyesha gari lingine. Kichumba cha Tochi pale langoni, chenye meza moja na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, ni cha Mzee. Banda langu la rangi kule nyuma, lenye kuta za nailoni na mashine ya upepo inayopiga kelele kutwa, ni lake pia. Alitupa sehemu hizo kwa mdomo tu, bila karatasi, na sote watatu tulijua maana ya kupewa kitu kwa mdomo.

Sasa kuhusu Kware. Kware si jina la kiwandani, ni jina la mtaani, la gari dogo lililoinuka kidogo, si teksi wala si jipu, lenye kiwiliwili cha duara juu ya magurudumu yaliyosimama kama miguu mifupi. Limetoka vizazi vitatu. Wa kwanza ana kona kona, wa pili amenenepa, na wa tatu ndiye huyu mpya mwenye taa nyembamba, anakutazama kama mtu asiyekuamini. Barabarani kila gari la tano ni Kware wa kizazi fulani, na kila mwenye Kware anaapa kwamba kizazi chake ndicho cha mwisho kutengenezwa na watu wenye akili. Nimeona ndugu wakinuniana msibani kwa sababu ya giaboksi ya Kware wa pili.

Mkunga mmoja alikuja Jumatatu asubuhi akiwa na sare yake, saa imebanwa kifuani kwa pini. Nilikuwa langoni nikiomba sukari kwa dada, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Nazungukia vituo vitano," akasema. "Njia mbili ni lami, tatu ni matope na mawe. Pikipiki imenimaliza mgongo. Na mwaka huu akina mama watatu wamejifungulia njiani kwa sababu gari la wagonjwa halikufika. Nataka Kware. Kila mtu ananiambia Kware."

"Yupi?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe. Mpya, aliyetumika, sijui."

"Atambeba nani?"

"Mimi mbele. Mama mwenye uchungu nyuma."

Tochi akaweka kikombe chini. Namjua dada yangu. Hapo ndipo alipoichukua ile kazi, hata kabla ya kukubaliana naye malipo.

"Nitakukagulia watatu, mmoja wa kila kizazi," akasema. "Jumamosi saa nne nitakusomea. Mpaka hapo usimpe mtu yeyote hata senti ya kumfurahisha."

Akaanza na mpya, kwenye duka la vioo lenye sakafu inayoteleza. Mimi nilimsindikiza kwa sababu napenda kuona rangi za kiwandani. Muuzaji mwenye suti akatufungulia mlango wa mbele, Tochi akaupita akaenda kukaa nyuma. Muuzaji akabaki ameshika mlango kama bawabu. Akatuonyesha skrini kubwa, kamera nne, sauti ya kike inayokuonya ukitaka kuhama upande wa barabara. Dada akasikiliza yote kwa heshima. Yeye hachukii gari jipya, anachukia mdomo tu. Akajaribu breki, akaziandika nzuri sana. Akahesabu mifuko ya hewa, akaandika sita. Kisha akafungua buti, akainua zulia.

"Tairi la akiba liko wapi?"

"Hizi za sasa hazina, mama. Kuna kopo la povu na pampu yake. Unajaza, unaenda."

"Na tairi likipasuka ubavuni? Povu linashona?"

"Unatupigia simu, tunakuja."

"Kwenye matope? Mama anasukuma mtoto, mimi nimeshika simu nakusubiri wewe na suti yako?"

Muuzaji akacheka. Tochi hakucheka, kwa hiyo cheko lake likafa kifo cha aibu. Tulipotoka alisema gari ni zuri, ila limetengenezwa na watu ambao hawajawahi kukwama.

Kware wa kizazi cha kwanza alikuwa wa mwoka mikate wa mtaa wa pili, gari la miaka kumi na saba, lenye unga kwenye matundu ya feni mpaka leo. Tochi alifika saa kumi na mbili asubuhi, akaweka kiganja kwenye boneti, baridi. Likawaka mara moja, likatoa moshi wa buluu, yeye akahesabu kwa sauti mpaka ulipokwisha. Mwoka mikate alikuwa mtu wa ajabu. Alisema mwenyewe kwamba kuna kutu chini ya bawa la mbele, kwamba shokomzoba zimekufa zote nne, kwamba kioo cha nyuma hakipandi bila kusaidiwa kwa kiganja. Muuzaji wa namna hiyo humharibia Tochi siku, maana hana cha kufunua. Alirudi na unga kwenye nywele, ameudhika kidogo, ila nilimwona anatabasamu.

Wa pili alikuwa pale pale yadini.

Nilikuwa nalijua gari lile. Nyeupe ya lulu, miaka saba, limekuja na meli pamoja na mengine. Mzee Sawasawa aliniletea miezi mitatu nyuma likiwa limepakwa praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulia, akasema limeguswa kidogo nyuma. Praima haikuwa nyuma. Ilizunguka gari zima, sakafuni, kwenye kingo za milango, kwenye nguzo za katikati, hadi juu ya paa, kama mkanda kiunoni. Nikaitazama. Kisha nikajitia hamnazo. Katika kazi yetu mchomeleaji hasemi na fundi rangi haulizi, na mimi ni fundi rangi mzuri sana.

Alhamisi asubuhi nilimwona kupitia nailoni ya banda langu. Alilala chini yake, akatoka. Akavuta mikanda ya viti mpaka mwisho, akazisoma lebo zake moja moja, miwani ikigusa kitambaa. Akagonga nguzo za milango kwa kifundo cha kidole, mbele ikalia bati, katikati ikalia ukuta. Kisha akafungua buti, akatoa tairi la akiba, akalivingirisha pembeni, akaingiza mkono ndani ya lile bakuli linamokaa tairi. Akapapasa mle ndani taratibu. Mkono ukasimama. Akainua uso akatazama banda langu.

Nieleze, maana si kila mtu ni fundi. Kiwandani hawapotezi varnish, ule mng'aro wa mwisho, ndani ya bakuli la tairi la akiba. Wanarusha rangi ya kupita tu, kavu, ukipapasa inakwaruza kidole. Nani atatazama huko? Mimi siwezi. Nikiacha sehemu kavu, roho hainitulii. Kwa hiyo nilipiga rangi mle ndani, nikaisugua kwa msasa wa maji, nikapiga varnish mara mbili, mahali ambapo hata jua halifiki. Mchomeleaji alificha kazi yake vizuri. Mimi, kwa maringo yangu, nikaweka sahihi. Mji mzima hauna mtu mwingine mwenye upumbavu wa namna hiyo, na dada yangu aliujua mkono wangu kwa kuupapasa.

Alikuja bandani akazima mashine ya upepo mwenyewe.

"Uliuliza?" akasema.

"Dada, fundi rangi haulizi."

"Mikanda ya mbele imetengenezwa mwaka mmoja, ya nyuma mwaka mwingine. Lile gari ni magari mawili. Moja liligongwa mbele, jingine liligongwa nyuma, wakachukua nusu nzima na nusu nzima wakaziunga chini ya kiti cha nyuma. Ulijua?"

Ningeweza kumdanganya mtu yeyote pale yadini isipokuwa yeye. "Praima ilikuwa imezunguka," nikasema.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilipewa gari nipake, nikapaka! Kwani mimi ndiye mkaguzi? Nina watoto wanakula, dada. Ukisoma hivyo Jumamosi, Mzee atanifukuza."

"Atakufukuza. Na mimi atanifukuza. Jumamosi nitasoma, na nitasema nani alipaka."

"Damu yako mwenyewe utaitaja mbele za watu?"

"Nimtaje nani, wa jirani?" Akawasha mashine, akatoka. Miguu yake ilikuwa na vumbi la kokoto mpaka magotini. Nilimchukia siku ile, sitaficha. Nilimchukia kwa sababu ndiye aliyenipeleka kwa fundi wangu wa kwanza nilipoacha shule, ndiye aliyenifundisha kushika msasa kwa kiganja chote badala ya ncha za vidole, na sasa alikuwa ananivua nguo kwa mikono ile ile.

Mchana Mzee Sawasawa alikuja na soda mbili. Yeye hanywi soda, kwa hiyo nikajua zote ni zangu.

"Kioo," akasema, "dada yako ameniambia atakachosoma. Nimemwambia aandike tu rangi imeguswa. Amekataa. Nikamwambia kile kichumba nina mtu anakitaka. Unajua alichonijibu? Ameniambia nimpe huyo mtu na ufagio kabisa." Akatikisa kichwa. "Mikanda si kitu, mikanda hubadilishwa. Vioo hubadilishwa. Anayeweza kusema gari lilikuwaje ni aliyelipaka. Jumamosi nitakuita. Utasema bampa na mlango mmoja. Basi. Banda lako litabaki lako."

Nikanywa soda. Nikasema, "Sawa, mzee."

Hilo pia sitalificha. Nilisema sawa, na siku mbili nzima nikawa nalifanyia mazoezi lile neno huku nasugua magari: bampa na mlango mmoja, bampa na mlango mmoja. Nyumbani mke wangu aliniuliza nanung'unika nini, nikamwambia ni meno. Dada hakunisemesha. Tulipishana langoni kama wapangaji wasioelewana.

Jumamosi saa nne watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Habari za namna hiyo hazihitaji tangazo. Madalali walikuwa wameegemea magari yao, mafundi wameacha spana. Kware wa pili alikuwa katikati, ameoshwa, anang'aa, na nasema ukweli, sijawahi kupaka gari zuri kama lile. Mkunga alisimama upande mmoja na mkoba wake, Mzee Sawasawa upande wa pili. Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda, barakoa shingoni.

Tochi alivaa miwani, akakunjua karatasi.

"Kware wa tatu, mpya," akasoma. "Breki bora kuliko wote. Mifuko ya hewa sita. Anatulia barabarani. Hana tairi la akiba. Kwa mtu wa lami ningesema nunua kesho. Kwa njia zako tatu za mawe, siku ubavu wa tairi utakapopasuka utalala hapo hapo na mgonjwa wako. Kware wa kwanza, wa mwoka mikate. Kutu ukubwa wa kiganja chini ya bawa la mbele kushoto. Shokomzoba nne zibadilishwe kabla hujambeba mtu. Kioo kimoja kinasaidiwa kwa mkono. Hana mifuko ya hewa nyuma, mbele miwili tu. Ni mzee. Injini nzima, giaboksi nzima, na mwili ni ule ule aliozaliwa nao."

Akameza mate. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimeza mate katikati ya ripoti.

"Kware wa pili, huyu hapa. Usimnunue. Hata ukipewa bure usimpokee. Ni nusu mbili za magari mawili, zimeungwa chini ya kiti cha nyuma na kwenye nguzo za katikati. Akigongwa, au akianguka kwenye shimo la kweli, sijui zitaachana wapi. Kazi imefunikwa kwa rangi na puti ya kuzibia. Aliyefunika ni mdogo wangu wa tumbo moja."

Pale watu waliguna wote kwa pamoja. Mzee Sawasawa alicheka, akapangusa paji la uso kwa leso.

"Sawasawa," akasema. "Kila mtu ana maoni yake. Dada yetu amekula chumvi nyingi, na macho nayo yanazeeka. Lakini mimi nina haki ya kujibu, si ndiyo desturi yake mwenyewe? Mama mkunga, hapa huhitaji kumsikiliza yeye wala mimi. Muulize aliyepaka. Ni kijana mtiifu, hana maneno mengi. Kioo! Njoo umwambie mama ulipaka nini."

Nina miaka arobaini na mbili. Nina watoto wanne. Kijana mtiifu. Nikatembea kwenye kokoto nikiwa na lile neno langu mdomoni, limekwisha kuiva.

Mkunga hakunitazama. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Akaweka mkoba chini, akapanda, akajilaza nusu kwenye kiti kile, mgongo ameuegemeza upande wa pili, akakunja goti moja na mguu mwingine akaukanyagia nguzo ya katikati. Akasukuma kwa nguvu, uso umekunjamana. Madalali wawili wakatazama pembeni.

"Hivi ndivyo anavyokaa," akasema kutoka mle ndani, kama anayefundisha wanafunzi. "Mwenye uchungu hukanyaga popote anapopata. Na akikanyaga, anakanyaga kweli kweli. Hapa panafaa. Pako imara?"

Nikakitazama kiatu chake cheupe kwenye ile nguzo. Chini ya soli ile kulikuwa na puti ya mchomeleaji, unene wa kidole, na varnish yangu mara mbili.

"Sema, Kioo," akasema Mzee.

Mkunga akageuza shingo, akanitazama sasa. Sijui aliona nini usoni mwangu. Watu wa kazi yake wameona nyuso nyingi zikibanwa.

"Sema tu, baba," akaniambia. "Mficha uchi hazai."

"Limekatwa," nikasema.

Mzee Sawasawa akanisogelea, akashusha sauti, lakini yadi nzima ilisikia.

"Fikiri vizuri. Lile banda—"

"Banda ni lako, mzee. Mikono ni yangu." Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. "Limekatwa lote likaungwa. Niliona praima imezunguka, nikanyamaza, nikapaka. Mama mkunga, shusha mguu tafadhali."

Akashusha. Mfukoni nina msasa siku zote, ule mkali wa kuanzia kazi. Nikapiga magoti, nikaushika kwa kiganja chote, nikasugua. Kwanza yakatoka maziwa ya varnish. Kisha nyeupe ya lulu, ile niliyoichanganya mara tano mpaka ikalingana, ikawa unga kwenye suruali yangu. Kisha praima ya kijivu. Kisha puti, ya waridi, ikadondoka vipande vipande nilipoichokoa kwa bisibisi. Inauma kuharibu kazi yako nzuri mbele za watu. Niliona inauma na nikazidi kusugua. Chuma kikatokea, na katikati ya chuma ule mshono, mweusi, umevimba, una matundu ambayo ncha ya kalamu ingeingia.

Mkunga akainama, akaupitisha kidole juu yake kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ameshonwa na mtu mwenye haraka," akasema. Akasimama, akaokota mkoba, akamgeukia Tochi. "Huyo mwoka mikate anaishi wapi?"

Tochi akamwelekeza kwa mkono, polepole, kona baada ya kona, kana kwamba hakuna jambo lingine lililokuwa likitendeka duniani.

Mzee Sawasawa alikuwa amebadilika rangi. "Wewe," akaniambia, "na huyo dada yako. Vitu vyenu nje ya geti. Leo. Sitaki kuviona saa nane."

"Tumesikia," akasema Tochi. Akaikunja ripoti mara mbili, akampa mkunga. Kisha akaja akasimama nyuma yangu. Niliviona viatu vyake pembeni ya goti langu, na tangu Alhamisi haya yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu.

"Na upande wa pili?"

"Upo vilevile."

"Basi maliza kazi."

Nikazunguka nyuma ya gari, nikapiga magoti kwenye kokoto, nikaanza upande wa kushoto.